Nehemia na Ruhusa ya Safari

Mazungumzo ya asubuhi redioni. Masomo: Nehemia 2:1-9 na Yoshua 9.

Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo zamani halikusikika sana katika mahubiri, lakini siku hizi limeingia katika nyumba nyingi za Wakristo. Jambo lenyewe ni kuomba viza.

Wakamba hawakuanza kusafiri leo. Babu zetu walikwenda na misafara ya pembe mpaka pwani. Halafu, katika miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilimlazimisha kila mwanamume kubeba kipande, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati. Bila kipande hakuna kazi, na polisi akikukuta huna, ni taabu. Kwa hiyo habari ya mtu kusimama mbele ya meza na kuulizwa, "Unakwenda wapi, na kwa sababu gani?" si habari mpya kwetu.

Ila siku hizi safari zimekuwa ndefu. Mtoto amepata nafasi katika chuo cha Uingereza au Ujerumani. Mama ameitwa na binti yake aliyejifungua huko Marekani, akamsaidie kulea. Kijana ameambiwa kuna kazi Saudia au Qatar. Jamaa wanauza mbuzi, wanakodisha shamba, wanafanya harambee. Kisha jibu linakuja: hapana. Na ada iliyolipwa hairudi. Ada ya viza ya matembezi ya Marekani iliwekwa kuwa dola 185 mwezi wa Juni 2023, na ile ya nchi 29 za Ulaya zilizo katika mapatano ya Schengen imekuwa yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Ninyi mnaofuga mnaweza kujihesabia wenyewe hao ni mbuzi wangapi.

Basi tufungue kitabu cha Nehemia, maana huyu alikuwa mtu aliyeomba ruhusa ya safari, akaomba vizuri.

Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta katika mji wa Shushani. Alipata habari za kuvunjika kwa ukuta wa Yerusalemu katika mwezi wa Kisleu. Hakukimbilia kwa mfalme siku ile. Alilia, akafunga, akaomba, akafikiri, na ni katika mwezi wa Nisani, kama miezi minne baadaye, ndipo aliposema mbele ya mfalme. Mfalme alitaka kujua haja yake ni nini, safari itachukua muda gani, na atarudi lini. Nehemia akaomba kimoyomoyo, kisha akajibu. Akataja mahali anapokwenda na kazi atakayoifanya. Akampa mfalme muda maalum. Tena akaomba barua: za kuwapa maliwali wa ng'ambo ya Mto wampitishe, na moja ya Asafu, mtunza msitu wa mfalme, apewe miti ya kujengea.

Ndugu wasikilizaji, maswali ya mfalme yule ndiyo maswali ya afisa wa ubalozi hata leo. Unakwenda kufanya nini? Utakaa muda gani? Utarudi lini, na ni kitu gani kitakachokurudisha? Nani atalipa? Karibu makosa yote ya kuomba viza ni makosa ya kutoyajibu maswali haya, ama kwa kutojiandaa, ama kwa uongo. Hebu tuyatazame.

Kosa la kwanza ni haraka. Mtu anapata mwaliko wa arusi itakayofanyika baada ya wiki tatu, ndipo anapokumbuka kwamba hana pasipoti. Maombi ya pasipoti ya Kenya huanzia katika mtandao wa eCitizen, kisha mtu hufika mwenyewe kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, na kungoja. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na uhai wa miezi sita zaidi. Zile za Schengen hutaka miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka huko, na kurasa mbili tupu. Schengen hupokea maombi kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku kumi na tano kabla yake. Tena usinunue tikiti ya ndege isiyorudishwa fedha kabla ya kupata viza. Wengine hununua wakisema ni imani. Imani ya Nehemia ilingoja miezi minne.

Kosa la pili ni karatasi zisizopatana. Hapa sisi Wakamba tuna shida yetu wenyewe. Karani aliyetoka mbali aliandika majina yetu kama alivyoyasikia. Kitambulisho kinasema Musyoka, cheti cha shule kinasema Musioka. Huku ni Kyalo, kule ni Kialo. Huku ni Nthenya, kule ni Thenya. Tena kuna jina la ubatizo ambalo liko katika cheti cha kanisa na haliko kwingine kokote. Kwetu hilo si neno, maana twamjua mtoto ni wa nani. Lakini afisa asiyetujua anaona watu wawili. Rekebisha mambo hayo mapema, kabla ya kuomba pasipoti, katika ofisi za serikali zinazohusika, na ikilazimu upate hati ya kubadili jina kwa wakili. Wazazi wenye watoto wadogo, litazameni jina la mtoto kwenye cheti cha kuzaliwa leo hii, kabla hajafika darasa la mtihani.

Kosa la tatu ni kumwachia mtu mwingine fomu yako. Wengi wetu tunakwenda kwenye saiba, tunamwambia kijana, "Nijazie." Yeye ana watu kumi nyuma yako. Akikosa habari, anabuni. Anaandika kwamba umeajiriwa, kwa sababu nafasi ile haiwezi kuachwa tupu. Anaandika kwamba huna ndugu Marekani, na kumbe ndugu yako ndiye aliyekualika. Fomu ya Marekani iitwayo DS-160 huuliza hata kama kuna mtu aliyekusaidia kuijaza. Tangu 2019 huuliza pia majina unayoyatumia katika mitandao ya kijamii kwa miaka mitano iliyopita. Mwishoni ni wewe unayethibitisha kwamba yote ni kweli, si yule kijana. Kwa hiyo kaa karibu naye. Kama husomi Kiingereza, nenda na mtoto wako au mwalimu, akusomee kila swali kwa lugha unayoielewa na akusomee jibu lililoandikwa. Kisha chapisha nakala, uende nayo nyumbani. Na picha yako iwe mpya, ya miezi sita iliyopita. Kwa Marekani hairuhusiwi kuvaa miwani.

Kosa la nne ni fedha za kuazima. Mtu anajua kwamba ataulizwa juu ya fedha, basi ndugu na marafiki wanamkusanyia laki kadhaa, zinakaa katika akaunti yake siku tano, anachukua taarifa ya benki, kisha zinarudishwa kwa wenyewe. Anadhani amefanya hekima. Lakini afisa hasomi tu jumla iliyo chini ya karatasi. Anasoma miezi yote: nini kiliingia, nini kilitoka. Akiona kisima kikavu mwaka mzima, na ghafula kimejaa siku moja bila mvua, anajua maji yamemwagwa kwa ndoo. Afadhali useme kweli. Kama umeuza ng'ombe, sema umeuza ng'ombe, uonyeshe hati ya mauzo. Kama anayelipa ni binti yako aliye huko, alete yeye barua na taarifa za mshahara wake. Mfugaji wa Ikutha asiye na fedha nyingi benki si mwongo wala si fukara. Ana shamba, ana mifugo, ana taarifa ya M-Pesa ya miezi mingi. Hiyo ndiyo hali yake, na hiyo ndiyo aionyeshe.

Sasa tufike kwenye kosa la tano, ambalo ni kubwa kuliko yote, nalo ni karatasi za uongo. Hapa tufungue Yoshua sura ya 9.

Wagibeoni waliogopa kuangamizwa na Israeli. Basi wakavaa viatu vilivyoraruka, wakachukua mkate ulioingia ukungu na viriba vilivyopasuka, wakasema wametoka nchi ya mbali. Kwa maneno ya leo, walitengeneza hati. Wakapata agano waliloliomba. Lakini baada ya siku tatu tu ikajulikana kwamba ni majirani. Hawakuuawa, kwa sababu kiapo kilikuwa kimeapwa. Walifanywa wakata kuni na wateka maji, wao na watoto wao. Walipata walichokitaka, na uongo wao ukawa nira shingoni.

Ndugu, sisi wachungaji tunaijua habari hii kwa karibu, kwa sababu karatasi nyingine huombwa kwetu. Anakuja kijana tunayempenda, tuliyembatiza, anasema, "Mchungaji, niandikieni barua kwamba mimi ni kiongozi wa kwaya na ninatumwa kwenye mkutano." Haimbi kwaya. Hakuna mkutano. Anakuja mama anataka cheti cha ndoa cha watu ambao hatukuwafungisha. Tunapokataa, watu husema kanisa halitaki watoto wa hapa waendelee. Sivyo. Tunakataa kwa sababu tunakumbuka mafundisho ya Bwana wetu katika Mathayo 5:37, kwamba neno la mwanafunzi wake liwe moja, ndiyo au siyo. Tena tunakataa kwa sababu barua moja ya uongo yenye muhuri wa parokia huharibu barua kumi za kweli zitakazokuja baadaye. Siku atakapokuja kijana aliyealikwa kweli na Wakristo wa ng'ambo, nani ataiamini barua yetu?

Na gharama yake kisheria ni nzito. Uingereza, mtu akionekana ametumia hila katika maombi, anaweza kufungiwa mlango kwa miaka kumi. Marekani, aliyedanganya katika jambo la maana anaweza kuzuiwa maisha yake yote, isipokuwa apewe msamaha maalum. Wala usifikiri utajificha kwa kubadili pasipoti, maana alama za vidole vyako zimehifadhiwa. Kama ulinyimwa viza zamani na fomu inauliza, sema ulinyimwa. Kunyimwa si dhambi, lakini kuficha kutakuponza. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Nasi twaongeza kwamba kwenye dirisha la ubalozi ni fupi zaidi.

Kosa la sita ni kuomba viza isiyo ya safari yako. Hapa tunawasihi hasa vijana na wasichana wanaokwenda nchi za Ghuba. Wakala anasema, "Nitakupeleka kwa viza ya matembezi, kazi utaipata ukifika." Ndugu msikilizaji, viza ya matembezi si kibali cha kazi. Siku zake zikiisha, faini huhesabiwa kila siku. Ukidhulumiwa mshahara huna mkataba wa kuonyesha. Ukipigwa, unaogopa kwenda polisi, kwa sababu wewe mwenyewe unaonekana mkosaji. Hapo ndipo uongo unapoonyesha uso wake. Aliyesema ni mtalii hawezi kulia kama mfanyakazi.

Basi tufanye nini? Kwanza, hakikisha kwamba wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Orodha yao iko wazi kwa watu wote. Usitosheke na kadi ya rangi nzuri wala ofisi yenye viti vipya. Pili, uone mkataba kabla ya kuondoka, unaotaja kazi, mshahara, saa za kazi, na jina la mwajiri. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yataka mkataba wa kazi ya ng'ambo uthibitishwe na afisa wa kazi. Wakala akisema hakuna haja, mkimbie. Tatu, acha nyumbani nakala ya pasipoti, ya viza, ya mkataba, na namba za simu za mwajiri na za ubalozi wetu. Mzazi asiyejua mtoto wake yuko mji gani atamtafutia wapi? Wazazi, tunajua mvua zimekosa, tunajua karo ni nzito. Lakini msimsukume binti apande ndege kwa sababu jirani amejengewa nyumba ya mabati. Nyumba hujengwa tena. Mtoto ni mmoja.

Kosa la saba ni kujibu vibaya dirishani. Mahojiano mara nyingi ni dakika chache tu. Wengine huenda na hotuba waliyoikariri, wakiulizwa jina la mwana wanajibu habari za shamba. Nehemia hakumsomea mfalme risala. Aliomba moyoni kwa kifupi, akajibu kile alichoulizwa. Wewe nawe omba nyumbani, omba garini, na ukifika dirishani sikiliza swali. Kama hukuelewa, omba lirudiwe. Jibu kwa maneno machache ya kweli. "Ninakwenda kumsaidia binti yangu aliyejifungua. Nitakaa miezi miwili. Nitarudi kabla ya mvua, kwa sababu nina shamba, na mume wangu yuko nyumbani." Mama akisema hivyo, amesema vyema.

Wala usimchukie afisa anapouliza sana juu ya kurudi. Sheria ya Marekani, katika kifungu chake cha 214(b), humchukulia mwombaji wa viza ya matembezi kama mtu anayetaka kuhamia, mpaka yeye mwenyewe aonyeshe kwamba ana mambo ya kumrudisha nyumbani. Si tusi kwako. Ndivyo sheria ilivyoandikwa. Na vijana, tuseme ukweli wote: mtu asiye na kazi, wala masomo, wala familia inayomtegemea, ana maelezo machache ya kumrudisha. Pengine wakati wake haujafika. Amalize chuo kwanza, ajenge kazi yake, kisha aombe. Kama hamu yake ni kuona nchi nyingine tu, Mkenya huingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho chake tangu 2014. Wakristo wanaokwenda Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni wanalijua jambo hilo.

Je, ukinyimwa? Usiondoke dirishani ukilia kana kwamba Mungu amekuacha. Soma karatasi uliyopewa. Ulaya ya Schengen hutaja sababu kwenye fomu maalum, na kuna haki ya kukata rufaa. Ukinyimwa kwa kile kifungu cha 214(b) hakuna rufaa, lakini unaweza kuomba tena. Ila usirudi wiki ijayo na mambo yale yale, ukilipa ada nyingine. Rudi hali yako ikiwa imebadilika, au ukiwa umepata karatasi zilizokosekana. Tena usitafute mchawi aliyekufungia njia, wala usimpe fedha mhubiri anayeuza mafuta ya kupaka pasipoti. Yesu hauzi viza. Wengi waliolipia mafuta hayo wangalitumia fedha hizo kurekebisha jina kwenye cheti cha kuzaliwa, wakafanikiwa.

Na ukipewa, kumbuka mambo mawili. Viza hukufikisha mlangoni. Afisa wa mpakani bado anaweza kukuuliza maswali yale yale, kwa hiyo barua zako ziwe mkononi, si katika mzigo uliokwenda chini ya ndege. La pili ni ahadi ya kurudi. Viza ya Schengen ya muda mfupi hairuhusu zaidi ya siku 90 katika kila siku 180. Ukipitisha siku ukajificha, umejifungia mwenyewe, na umemfungia pia jirani yako, maana atakayeomba baada yako ataulizwa kwa ukali zaidi. Nehemia alimpa mfalme muda. Alikuwa liwali Yuda miaka kumi na miwili, na katika sura ya 13 tunasoma kwamba alirudi kwa mfalme, kisha akaomba ruhusa tena, akapewa. Aliyetimiza neno lake alifunguliwa mlango mara ya pili.

Wapenzi wasikilizaji, hatusemi kwamba kila msema kweli atapata viza. Wapo wasema kweli watakaonyimwa, na wapo waongo watakaopita. Lakini aliyenyimwa akiwa na kweli yake anarudi Ikutha akiwa mtu huru. Anaweza kujaribu tena bila kukumbuka alidanganya nini mara ya kwanza. Aliyepita kwa uongo yuko nchi ya mbali kama Mgibeoni, anaogopa kila mlango unapobishwa. Tuchague kuwa pamoja na Nehemia.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyesafiri na Abrahamu asiyejua aendako, uwaongoze watoto wetu wanaotaka kusafiri. Uwape subira ya kujiandaa na ujasiri wa kusema kweli. Uwalinde walio katika nyumba za watu huko Ghuba, uwasikie wanaolia usiku. Uwafariji walionyimwa, uwaonyeshe kazi iliyo hapa nyumbani. Uwape hekima na huruma wale wakaao nyuma ya madirisha. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.